Maziwa Yaliyokuja Kabla Yako

Mwanangu Nasra,

Amani ikutangulie kila unapokanyaga. Umetoka na shangazi yako Zuhura kwenda kuaga majirani, na najua hamtarudi upesi, maana kila nyumba ya Mlandege itataka mkae mnywe chai. Baba'ko yuko dukani, ati anamaliza nguo ya mteja. Mimi namjua, anakimbia begi lako. Basi nimebaki peke yangu, nimepata utulivu wa kukuandikia.

Sikuandikii habari za kuvaa sweta wala kula kwa wakati. Hayo nshayasema wiki nzima, mpaka umeanza kunijibu "naam, Mama" kabla sijamaliza. Nakuandikia kisa kimoja ambacho umekipata vipande vipande tangu utotoni, kingine kwa bibi yako, kingine kwa shangazi yako, na hakuna aliyekupa chote. Kesho unakwenda India kusomea namna seli zinavyosemezana na namna uvimbe wa ubongo unavyokua. Ni haki yako ukisikie kwa mwenye ubongo wenyewe.

Niliolewa na baba'ko nikiwa nimetoka tu chuo cha ualimu. Yeye alikuwa fundi cherahani kijana hapa mtaani, mimi msichana wa kijijini Paje niliyepangiwa kufundisha darasa la tatu mjini. Tulipewa chumba cha juu katika nyumba ya mamake, bibi yako Kazija. Leo unamwona alivyo laini kama mkate uliorowekwa kwenye chai. Zamani zile hakuwa hivyo. Ukoo wao wa Kiarabu ulikuwa na mashamba, mashamba yakaenda zake, likabaki jina. Na jina linataka watoto.

Mwaka wa pili wa ndoa siku zangu zilikatika. Nikafurahi. Kifua kikajaa, kikauma, na asubuhi moja nikaona kanga yangu ina matone ya maziwa. Nilishuka ngazi mbio kwenda kumwambia mkwe wangu, hata mume wangu bado hajui. Bi Kazija akapiga vigelegele mpaka majirani wakafungua madirisha. Siku ile sikuruhusiwa kuinua hata ndoo.

Miezi ikapita. Tumbo halikutoka. Maziwa yakawa yanatoka vile vile.

Unaujua mji wetu. Kuta zake nene, lakini maneno hupita. Wapo waliosema ni mimba ya upepo, wapo waliosema jini amenipa mwanawe nimnyonyeshe. Bi Kazija hakuwa miongoni mwao. Aliacha tu kuniuliza kama nimekula. Hapo ndipo nilipokosea, mwanangu, na kosa lenyewe lilikuwa kunyamaza. Nilimwambia kila mtu kwamba maziwa yamekauka. Kumbe nilikuwa naokota mabaki ya vitambaa dukani kwa baba'ko, nakunja, najifunga kifuani chini ya buibui, kisha nafua na kuanika chini ya shuka ili visionekane. Nikaishi hivyo zaidi ya mwaka. Kichwa kikaanza kuniuma nyuma ya macho, nikasema ni jua. Nikawa nagonga mabega kwenye miimo ya milango, nikasema nyumba za watu wa zamani milango yake miembamba. Mtu mwenye haya hakosi jibu.

Siku moja nilikuwa kwenye ngazi nikamsikia Bi Kazija akizungumza na baba'ko, aliyekuwa akishona chini.

"Masoud, oa mke wa pili. Rahma simchukii, Mungu shahidi. Lakini nyumba haijazwi kwa huruma."

"Sitaki, mama."

"Hutaki kwa nini?"

"Sitaki tu."

Kisha nikasikia cherahani ikiendelea. Baba'ko hana ufundi wa maneno, unamjua. Nimesikia hotuba nyingi za mapenzi kwenye redio, na sijasikia hata moja iliyonishika kama lile "sitaki tu".

Aliyefunua mambo ni mwanafunzi wangu. Tulikuwa kwenye hesabu za kugawanya, na mtoto wa kike wa safu ya dirishani akasimama bila ruhusa, machozi yanamlengalenga.

"Mwalimu, sisi wa dirishani tumekukosea nini?"

"Kwani vipi?"

"Kila siku tunanyoosha mikono, hututazami hata."

Nikageuza kichwa. Safu nzima mikono juu. Nikarudisha uso mbele kwenye ubao, safu ikatoweka. Nikageukia upande wa ukutani, na huko pia mikono juu. Nikirudi mbele, hakuna kitu. Nilikuwa naiona dunia kama anayechungulia mlango uliofunguliwa nusu, na sikujua, kwa sababu asiyeona pembeni hana namna ya kuona kwamba haoni. Niliwaomba radhi watoto, nikawapa kazi ya kuandika, nikakaa kitini.

Mchana ule nilimwambia baba'ko habari ya macho. Ya maziwa sikumwambia. Tukahangaika na miwani, na vidonge vya kichwa, na kombe la kunywa, aya zilizoandikwa zikaoshwa kwa maji, mpaka mtu mmoja akatuelekeza kwa Dakta Salha, mama mmoja wa makamo, mtu wa hapa hapa Unguja. Aliniweka mbele yake, akaniambia nimtazame pua. Akaleta kidole kutoka pembeni.

"Sema ukikiona."

Nilikiona kilipokuwa karibu kumgusa yeye mwenyewe. Akafanya hivyo na upande wa pili. Kisha akaweka kalamu chini, akainuka, akafunga mlango.

"Rahma, unapata siku zako?"

"Sipati, dakta."

"Na maziwa, je? Yanatoka?"

Nasra, sikuwa nimemwambia mtu kwamba bado yanatoka. Nilidhani hata yeye ameletewa maneno. Nikatazama sakafu, nikajibu, "Yanatoka." Neno moja tu, na nilihisi nimetua mzigo wa kuni.

Yeye hakushangaa wala hakunihurumia. Alifurahi! Alivuta kiti karibu, akasema, "Basi hujarogwa wala hu tasa. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo kama punje ya choroko, pale inapopishana mishipa ya macho. Moja ya kazi zake ni kutoa amri ya maziwa. Nadhani yako imeota uvimbe. Uvimbe unatoa amri bila ya mtoto kuwepo, ndiyo maana siku zako zimekatika. Na kwa kuwa uvimbe wenyewe umekua, unaibana mishipa ya macho."

Nilitoka nje, nikamkuta baba'ko kwenye benchi, nikamweleza yote pale pale, hata habari ya vitambaa.

"Kumbe ni wewe," akasema. "Nshamfokea kijana wa watu bure dukani."

Nikacheka mpaka nikalia. Tulikwenda nyumbani tumeshikana mikono, tukapita sokoni Darajani kweupe, jambo ambalo mtu wa ukoo wake hakuwa akilifanya.

Mashine ya kupiga picha ya ubongo haikuwepo kwetu, ikabidi twende Nairobi. Walinitoa damu, wakanilaza kwenye kile kiduara kinachonguruma, na jioni yake bingwa akaja wodini na picha. Uvimbe ulikuwapo. Niliuona mwenyewe, weupe wa mviringo mahali ambapo punje ilitakiwa iwe. Nikajua sasa ni kisu. Akatikisa kichwa.

"Kichwa hatukipasui kwanza. Tutazungumza na seli zako."

Nilidhani Kiswahili chake ndicho kimempotosha. Lakini alikaa akanieleza, na hili ndilo darasa la kwanza la fani yako lililoingia katika familia yetu. Alisema seli haziishi kila moja kivyake. Zinatumiana kemikali, na kila seli ina mahali pa kuzipokelea, na zikishapokea ndipo hukua au hutulia, hugawanyika au hufa. Seli za tezi ile hupata kutoka kwenye ubongo amri ya kudumu: tulieni, msitoe maziwa, msiongezeke. Zangu zilikuwa zimeanza kuzaana, na ile amri haizitoshi tena. "Lakini hazijawa viziwi," akasema. "Dawa hii inafanana na kemikali ya ubongo. Inashika mahali pale pale, inatoa amri ile ile, ila kwa sauti kubwa. Zikisikia, uvimbe utanywea."

Kitanda cha pili alikuwapo binti wa Mombasa, rika langu, jina lake Fatuma. Yeye uvimbe wake ulikuwa katika nyama ya ubongo yenyewe, na mkono wake wa kulia ulikuwa umeanza kulegea. Alikuwa amesikiliza kila neno.

"Na zangu, dakta? Hazisikii?"

Yule bingwa angeweza kusema tutaona, au mwombe Mungu, akaenda zake. Alisogea akakaa kwenye kitanda chake. "Zako hatujaijua lugha yake, Fatuma," akamwambia. "Tutapasua, tutachoma kwa mionzi, tutafanya kila tunaloweza. Lakini lugha yake bado hatujaijua." Fatuma aliitikia kwa kichwa. Baadaye aliniambia hakuna daktari aliyemheshimu kama huyo.

Kidonge cha kwanza kilinilaza chini. Nilisimama kwenda chooni, dunia ikazunguka, na ni Fatuma aliyeita wauguzi. Nilipozinduka nilimkuta ananicheka. "Mzanzibari, dawa imeambiwa iufokee uvimbe, mbona imekufokea wewe?" Tukazoeana. Mimi nilikuwa namsuka nywele kabla hawajazinyoa, naye ananisimulia vituko vya mama zake wadogo. Tulipoagana hakulia. Alinishika uso kwa mkono wake mzima akasema, "Nenda ukaone kwa niaba yangu." Alifariki kabla ya mwaka kuisha. Kaka yake ndiye aliyetuletea habari. Nakuachia jina lake ulibebe, Nasra, lakini lisikulemee. Alikuwa mtu wa kucheka.

Niliporudi, baba'ko alinipeleka Paje kwa mama yangu nikapumzike. Kichefuchefu kilikuwa kikali, nilikuwa nalala na kuamka tu. Kilimo cha mwani ndiyo kwanza kilikuwa kimeingia kule, na maji ya bahari yakitoka wanawake wote wanashuka. Asubuhi moja nilijikaza nikaenda kukaa mchangani kuwatazama. Mbele yangu kulikuwa na mama yangu ameinama anafunga mwani kwenye kamba. Namtazama yeye tu. Ghafla nikatambua kwamba upande wa kushoto kuna mtu amevaa kanga nyekundu. Sikugeuza kichwa. Na kulia kuna wawili wanavutana kamba, wanacheka. Nikakaza macho kwa mama yangu, sikuyatoa pale, na bado nilikuwa nawaona wale wote, kushoto hadi kulia, na maji mbele yao, na mtoto anayekimbiza kaa huku pembeni kabisa.

Nilipiga ukelele. Niliinuka nikaingia majini na nguo zangu, nikakanyaga mwani wa watu, nikaangusha vijiti vya kufungia kamba, na hakuna aliyenigombeza maana walidhani nimepata wazimu. "Nakuona!" nilikuwa nasema. "Na wewe nakuona! Na wewe!" Mama yangu alipofahamu alikaa chini kwenye maji, mwani mkononi, akawa anasema alhamdulillahi tu. Jioni baba'ko alifika kwa gari la abiria, nikamsimamisha pembeni yangu, nikamwambia anyooshe vidole. Nikahesabu vyote huku natazama ukuta.

Maziwa yakakauka kweli. Siku zangu zikarudi. Kisha hazikuja tena, na safari hii sikumkimbilia mtu. Nilikwenda kwa Dakta Salha peke yangu. Aliponiambia ni mimba ya kweli nilimwomba arudie, akarudia. Ulikuwa wewe.

Sasa nifike mahali ambapo hawajakwambia vizuri. Dakta alinisimamishia dawa, maana ndivyo walivyokuwa wakifanya. Mwezi wa sita wa mimba kichwa kikarudi kuniuma, na mabega yakaanza tena kugonga milango. Nikaelezwa kwamba mimba ina kemikali zake zinazoziambia seli zile zikue, ili mama awe na maziwa, na zangu zilizobaki zilikuwa zinaitikia kuliko inavyopasa. Kukua kwako kulikuwa kunaukuza na uvimbe. Dakta akataka nianze vidonge upya. Alisema kwa wanavyojua havimdhuru mtoto. Mimi nilisikia lile "kwa wanavyojua" tu. Nikarudi nyumbani nimeamua moyoni kwamba sitakunywa; bora macho yaende, mtoto abaki.

Bi Kazija akaingia chumbani kwangu. Tangu niolewe hakuwa akipanda ngazi zile, kwa magoti yake. Ana gilasi ya maji mkononi, anahema.

"Masoud kanambia. Kiko wapi hicho kidonge?"

"Mama, nnaogopa kitamdhuru mtoto."

"Na mimi nnaogopa. Kila mtu humu anaogopa. Meza. Mjukuu wangu anataka mama anayemwona akianguka."

Akasimama pale pale mpaka nikameza. Na kila siku mpaka nilipojifungua alipanda mwenyewe na gilasi yake, hakumtuma mtu. Hakuniomba radhi kwa maneno aliyoyasema zamani, na mimi sikuidai. Kila ngazi aliyopanda ilitosha.

Ulizaliwa mzima, sauti yako inafika sokoni. Nilikuona wote kwa pamoja, kichwa, miguu na mikono, bila ya kugeuza uso. Bibi yako akakupokea, akakuadhinia baba'ko, kisha bibi akasema, "Jina lake Nasra, na mwenye jina jingine aende akazae wake." Lakini maziwa hayakuwepo. Dawa ilikuwa imeyafunga. Mimi niliyejaa maziwa bila ya mtoto, nimepata mtoto sina tone. Nililia kidogo. Shangazi yako Zuhura, aliyekuwa ananyonyesha mwanawe Abdalla, alikuchukua kwenye mikono yangu, akakuweka titi la pili. Ndiyo maana Abdalla ni ndugu yako wa kunyonya, na ndiyo maana yeye ndiye anayegombana na mizani ya begi lako tangu jana.

Miaka ikaenda. Ukafika kidato cha tatu, ukarudi skuli na kitabu cha baiolojia, ukanikuta nasonga ugali. "Mama," ukaniambia, "seli zako zilikuwa na vipokezi vizima. Ndiyo maana dawa iliweza kuzituliza. Labda za Fatuma kipokezi chake kiliharibika, kikakwama kwenye amri ya kukua. Hakuna aliyeamrisha, lakini ndani ya seli ujumbe unapokezana tu: kua, gawanyika, kua."

"Basi si kifungwe?" nikakuuliza.

"Ndicho wanachotafuta. Wakifunga huku, seli zinapata njia nyingine."

"Na nani anatafuta?"

Ulichukua mwiko mkononi mwangu ukaanza kusonga wewe, umekunja uso kama baba'ko anapotia uzi kwenye sindano. Mimi nikajua mtoto huyu ataondoka. Wala sikuhuzunika, nilijiona mtu mkubwa.

Nilichokipata katika yote haya ni kichache. Zile seli hazikutoka nje, hazikutumwa na adui. Zilikuwa zangu, zimekosea kusikia. Hilo limenisaidia hata kwa watu. Utakapokuwa hujui, sema hujui kama alivyosema yule bingwa, na ukae kitandani kwa mgonjwa unaposema. Na usidharau swali dogo linaloonewa haya. Wengi walinipima macho, na mmoja tu ndiye aliyefunga mlango akaniuliza.

Mimi niko salama. Picha ya mwisho niliyopigwa Dar es Salaam ilionyesha kijidoti tu, dakta kijana akaniuliza kama nina hakika kuna kitu kilikuwepo. Kidonge nameza nusu, na nafundisha bado, na watoto wa dirishani siku hizi wanatamani nisiwaone.

Jana ulipokuwa unakunja nguo, alikuja Maryam, yule bi harusi wa nyumba ya nyuma. Hujui alivyokuja kwangu mara ya kwanza, baada ya kusikia kisa changu kwa wanawake wenzake: alikaa kona ile, buibui limekazwa, hawezi kusema. Nikamuuliza mimi. Nikampeleka hospitali mimi. Jana hakuingia ndani. Alisimama mlangoni, barazani wamekaa wanaume wanacheza bao, akasema kwa sauti yake yote, "Bi Rahma! Uvimbe umenywea! Maziwa yamekatika, na siku zangu zimerudi!" Mmoja wa wale wazee aliacha kete hewani. Mwingine akasema, "Alhamdulillahi, mwanangu," wakaendelea kucheza. Bibi yako kutoka ndani akapiga vigelegele vilivyonitoa machozi.

Nenda, mwanangu, kichwa juu. Nenda kazisikilize seli ambazo lugha yake bado haijajulikana. Huku kwetu tushaanza kusema.

Mama'ko anayekupenda,
Rahma